Makochi ya Chanika, sebule ya Tandika



*Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tandika, Dar es Salaam, katika nyumba yenye wapangaji wengi. Tumepanga chumba na sebule. Chumba ni futi 10 kwa 10, sebule imezidi kidogo, futi 10 kwa 11. Tunalala watu sita: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 12, mdogo wake wa kiume wa miaka 9, kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayesoma ufundi umeme VETA. Anatarajia kumaliza mwezi wa 12.*

*Mume wangu ana kiwanja Chanika, nyumba imefika kwenye linta. Mwaka jana alipokea fedha ya upatu akanunua seti ya makochi: moja la watu watatu, moja la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, pamoja na meza ya kioo na kabati la televisheni. Anasema ni ya nyumba mpya. Sasa yamejaa sebule nzima, ukitaka kupita unapita ubavu. Shemeji analala kwenye kochi refu. Watoto wawili wakubwa wanalala chini chumbani kwetu, na binti ameanza kukua. Kabati la nguo limeziba nusu ya dirisha. Mtungi wa gesi, ndoo, madumu ya maji na sufuria vyote viko chumbani kwa sababu vitu vya uani vinaibiwa.*

*Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye kona ya chumba, imebebeshwa lundo la nguo. Nikipata kazi ya mtu inabidi kwanza niifukue ndipo nishone. Nikimwambia mume wangu tupunguze makochi ananijibu nivumilie, tutahamia kwetu. Mama mkwe naye anakuja mwezi wa 12, naogopa ataona nyumba ya mwanawe haina mpango. Nifanye nini tupate nafasi bila ugomvi?*

*Mama wa Watatu, Tandika*



Umenipa vipimo vya vyumba vyako, na hilo limenisaidia kuliko maelezo mengine yote. Wengi wanaoniandikia kuhusu kubanana huniambia tu kwamba "nyumba ni ndogo". Wewe umepima, kwa hiyo tunaweza kukaa chini na kupiga hesabu.

Sebule yako ina futi za mraba 110. Kochi la watu watatu kwa kawaida lina urefu wa futi 7 na kina cha futi 3, yaani limekula futi 21. La wawili limekula 15. Yale ya mtu mmoja mmoja yamekula 9 kila moja, jumla 18. Meza ya kioo ya futi 4 kwa 2 imekula 8. Kabati la televisheni limekula kama 7 na nusu, na friji, ikiwa ipo humo, 4. Ukijumlisha unapata futi 73 na nusu. Kilichobaki ni kama 36, na humo toa sehemu ya mlango kufungukia na njia ya kupita. Ndiyo maana mnapita ubavu.

Sasa jiulize nani anayatumia makochi hayo. Viti vyake ni saba na nyumbani mko sita, mmoja akiwa wa kubebwa. Mchana mume yuko kazini, shemeji yuko chuoni, watoto wako shule. Kwa saa nyingi za siku seti nzima inamkalisha mtu mmoja, ambaye ni wewe, na wewe huna haja ya kochi. Unachohitaji ni mahali pa kukunjua cherehani. Usiku mambo yanageuka: watu wote wamerudi na wanahitaji sakafu ya kulala, lakini sakafu imeshachukuliwa.

Mwanangu, nyumba yenu si ndogo kiasi mnachoihisi. Tatizo lenu ni kwamba mmeipanga kwa ajili ya watu wasiolala humo. Sebule imepangwa kwa ajili ya mgeni wa Jumapili na kwa ajili ya nyumba ya Chanika ambayo haijaezekwa. Mnaolala humo leo mmegawana mabaki. Ushauri wangu wote hapa chini unatoka kwenye kanuni moja: anayelala na anayefanya kazi humo ndani wapangiwe kwanza, kisha kitakachobaki apewe mgeni.

Mgeni hakuwekewa makochi tangu zamani

Najua utaniambia kwamba mgeni ni heshima na sebule ndiyo uso wa nyumba. Ni kweli, lakini tazama jinsi watu wa pwani yetu walivyoishi katika vyumba vyembamba bila kumdharau mgeni.

Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, hata zile za matajiri, zilikuwa na vyumba vyembamba. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa bila kupinda au kuvunjika. Kwa sababu hiyo upana wa chumba mara nyingi ulikuwa karibu mita 3 au chini ya hapo, sawa na futi zako 10. Chumba kiliweza kurefuka, kupanuka hakikuweza. Wenyewe walifanya nini? Mgeni wa kawaida alipokelewa nje, barazani au kwenye daka la mlangoni, akaletewa kahawa hukohuko. Vyombo vya thamani viliwekwa ndani ya ukuta, kwenye zidaka, yale mashubaka yaliyochongwa safu kwa safu, ili visichukue sakafu. Mkeka ulitandikwa wakati wa kukaa na kukunjwa wakati wa kupita. Chumba kimoja kiliweza kuwa pa kulia, pa kusomea na pa kulala, kutegemea saa.

Nyumba ya Kiswahili mnayoishi ninyi Tandika inafuata wazo hilohilo. Vyumba vimepangwa huku na huku, korido katikati, ua nyuma, baraza mbele. Aliyeijenga alijua kwamba vyumba ni vya kulala na kutunzia vitu, na maisha mengine yote yatakuwa barazani na uani. Seti ya makochi ya viti saba ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya aina nyingine, na siku mtakapohamia nyumba hiyo, mtanunua inayoifaa.

Kuzungumza na mume wako

Hapa uende kwa adabu na kwa hesabu. Mume wako hakununua makochi kwa ujinga. Kwake ni ushahidi kwamba maisha yanasonga, kwamba Chanika si ndoto. Ukimwambia "makochi yako yanatubana" atasikia kwamba unadharau juhudi yake. Usianzie hapo.

Anza na binti. Siku watoto wametoka na nyinyi wawili mko peke yenu, mwambie hivi: "Baba Fulani, mtoto anakua, hawezi kuendelea kulala chini chumbani kwetu na kaka yake. Nisaidie tutafute pa kumweka." Hilo hakuna baba atakayelipinga, na atakaa kufikiri nawe. Kisha toa futikamba yako ya ushonaji, ile ya inchi 60, uchukue na kipande cha chaki. Pimeni pamoja kila kilichoko sebuleni, mwandike kwenye daftari lako la vipimo vya wateja. Hesabu akiiona kwa mkono wake haitakuwa lawama yako, itakuwa hesabu tu.

Baada ya hapo zungumzeni habari ya Chanika yenyewe. Nyumba iliyo kwenye linta haiwezi kutunza makochi kwa sababu haina paa. Maana yake makochi yatakaa Tandika mpaka iezekwe, shemeji akiyalalia kila usiku na watoto wakiyarukia kila jioni. Sponji ya kochi linalolaliwa na mtu mzima kila siku haichukui muda mrefu kulegea, na kitambaa kitachanika. Siku ya kuhamia Chanika mtabeba makochi chakavu. Lakini yakiuzwa sasa yakiwa bado yana sura, fedha hiyo inaweza kununua bati au mbao za kenchi, na bati likishapigiliwa hakuna mtoto atakayelikojolea. Mwambie hivyo kwa kicheko. Atakuelewa.

Wala msiuze yote. Bakizeni la watu wawili, ili wageni wakubwa wawe na pa kukaa. Lile la watatu na yale mawili ya mmoja mmoja, pamoja na meza ya kioo, ndiyo yaondoke. Akisita, mwombe jaribio: yapelekeni kwa ndugu mwenye nafasi kwa wiki mbili. Baada ya wiki mbili za kupita sebuleni kwa miguu miwili, yeye mwenyewe ndiye atakayemtafuta dalali.

Sebule mpya

Sehemu ya fedha ya makochi tengenezeni dabodeka ya chuma ya futi 3 kwa 6. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwenu anaiweza. Mafundi wa samani wa Keko nao wanazo za mbao. Mwelekeze mambo manne. Kwanza, kati ya godoro la chini na chaga za juu ibaki angalau futi 3, ili mtu akiketi asigonge kichwa. Pili, kitanda cha juu kiwe na kizuizi pande zote, na ngazi iliyochomelewa hasa, si ya kuegesha. Tatu, miguu ifungwe ukutani ili isiyumbe. Nne, kisisimamishwe chini ya feni ya dari.

Dabodeka hiyo itafanya kazi tatu. Sasa hivi shemeji atalala chini na mvulana juu. Mtoto wa miaka 9 anaweza kulala juu. Chini ya miaka 6 asipande kabisa. Mchana kitanda cha chini ni kochi lenu: visha godoro foronya ya kitambaa kizito, weka mito mitatu mirefu ukutani, na wewe ni fundi, hiyo ni kazi ya siku moja na vipande vya kitambaa ulivyonavyo. Shemeji atakapomaliza VETA mwezi wa 12 na kwenda kutafuta geto lake na wenzake, binti atahamia kitanda cha chini, mvulana atabaki juu, kila kitanda na pazia lake, na chumba kitarudi kuwa chenu na mtoto mdogo. Kwa hiyo unanunua kitu kimoja kinachofaa leo na kinachofaa mwakani.

Televisheni itundikwe ukutani, kabati lake liondoke. Sasa piga hesabu tena: dabodeka 18, kochi la wawili 15, friji 4, cherehani 4 na nusu. Jumla ni futi 41 na nusu. Zimebaki 68 na nusu, karibu mara mbili ya zile za kwanza, na umeongeza vitanda viwili na karakana.

Ndiyo, cherehani nayo ije sebuleni, karibu na dirisha, pale lilipokuwa kochi la mmoja. Macho yako yanahitaji mwanga wa mchana na mteja akija asiingie chumbani kwenu. Ikiwa ni ile ya miguu yenye meza ya kuzamisha kichwa, jioni kizamishe, tandika kitambaa, na watoto wapate meza ya kuandikia kazi za shule. Chombo kinachoingiza fedha ndani ya nyumba hakistahili kuwa chini ya lundo la nguo.

Kwa chakula, tandikeni mkeka. Mkimaliza kula unafagiliwa, unakunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango.

Chumbani: binti kwanza

Mpaka mwezi wa 12 binti atabaki chumbani kwenu, lakini asilale chini na asilale na kaka yake. Mtafutieni kitanda cha futi 2 na nusu kwa 6. Kitanda chenu, ikiwa ni cha 5 kwa 6, kisogezwe kikumbatie ukuta mmoja, chake kiwe kwenye ukuta wa pili. Futi 5 zenu na 2 na nusu zake zinafanya 7 na nusu; zinabaki 2 na nusu za njia, na hapo katikati mtundike pazia zito kutoka darini mpaka sakafuni, kwenye waya uliokazwa vizuri. Kwa urefu, kitanda kinachukua futi 6, zinabaki 4. Kabati la nguo la kina cha futi 2 lisimame miguuni mwa kitanda, si dirishani.

Nitakuambia ukweli ambao mafundi hawakuambii: pazia linazuia macho, halizuii sauti. Mpango huu ni wa miezi michache. Ikiwa shemeji ataongeza muda, kaeni kikao cha familia mapema, na mwenye kuzungumza naye awe mume wako, si wewe. Kuna mambo ambayo samani haziwezi kuyatatua, na kijana mzima kuishi nyumba moja na binti anayekua katika vyumba viwili ni mojawapo. Si kwamba ninamshuku mtoto wa watu. Ninasema tu kwamba kila mmoja wao anahitaji mlango wake, na nyinyi mna mlango mmoja wa kugawana.

Dirisha likishafunguka mtaona tofauti siku hiyohiyo. Chumba cha Dar chenye watu watano usiku na dirisha lililozibwa kinatunza joto, jasho na kikohozi. Unyevu ukikosa pa kutokea unaota ukungu nyuma ya kabati na kwenye nguo. Acheni hata inchi mbili kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame

Wahenga walisema hivyo, nami nasema inama, maana hapo pana ghala. Uvungu wa kitanda cha 5 kwa 6 chenye kimo cha futi 1 una futi za ujazo 30. Weka tofali la inchi 6 likiwa limelala kwa ubapa chini ya kila mguu, au mwombe fundi aongeze miguu, na uvungu huo unafika futi za ujazo 45. Kabati la upana wa futi 4, kina 2 na kimo 6 lina 48. Yaani umejipatia karibu kabati zima bila kugusa sakafu. Angalizo: tofali moja tu kwa kila mguu, usipandanishe mawili, na sakafu iwe imenyooka.

Uvungu huharibiwa na watu wanaosukumia humo mifuko ya plastiki mpaka wasijue kuna nini. Tumieni matranka ya bati au mabeseni yenye mifuniko, yawe na mpini au magurudumu ili yavutike. Kila moja liwe na kazi yake: nguo za sikukuu, mashuka, vitambaa vya wateja, nguo za mtoto zinazomsubiri akue. Kinachotumika kila siku kisikae uvunguni, na kinachooza kisikanyage humo kabisa, kwa sababu mende na panya nao wanatafuta nyumba. Kila Jumamosi vuta yote, fagia, anika magodoro juani. Kunguni wanapenda uvungu usioguswa.

Vilevile kabla ya kupanga nguo, zipunguze. Kipimo changu ni cha sikukuu: nguo ambayo haikuvaliwa tangu Idi au Krismasi iliyopita, na hakuna mtoto anayeisubiri, itoke. Wewe ni fundi, nyingine zigeuze foronya na viraka, nyingine mpe mwenye shida. Vyombo pia vitazame kwa jicho hilohilo. Hotipoti tano zinazosubiri harusi zinakaa mahali ambapo angekaa mtu. Bakiza mbili, nyingine azima siku ya shughuli, kama majirani wote wa uswahilini wanavyofanya.

Ukutani na kwenye mlango

Sakafu ikishapumua, pandeni juu. Kuanzia futi 6 na nusu mpaka darini kuna ukanda mtupu unaozunguka chumba chote, na mikono ya watoto haifiki. Rafu moja ya ubao wa inchi 12, juu ya mlango na kwenye ukuta wa kando yake, itabeba masanduku, mabegi na blanketi. Vitu vyepesi tu viende juu. Vizito vibaki chini ya kimo cha kiuno, na kisiwepo chochote kizito juu ya mahali ambapo mtu analaza kichwa.

Kabla hujatoboa ukuta, omba ruhusa ya mwenye nyumba, na mkubaliane kama rafu zitabaki au matundu yatazibwa mkihama. Akikataa, fundi akuchomelee stendi ya chuma inayosimama yenyewe, kina cha futi 1, kimo mpaka karibu na dari. Hata hiyo ifungwe kwa waya kwenye nondo za dirisha ili mtoto akining'inia isimwangukie.

Nyuma ya milango piga ubao mmoja wenye misumari ya kutundikia: sare za shule, mikoba, taulo. Sufuria zipandanishwe kubwa ikimeza ndogo, mifuniko isimame kwenye waya pembeni. Vyandarua, asubuhi vifungwe juu. Visining'inie mpaka saa sita mkivikwepa. Vyenye dawa, mkivifua mvianike kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

Mtungi, madumu na mkaa

Hapa sibembelezi. Mtungi wa gesi utoke chumbani leo, kabla hujasoma barua hii mara ya pili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini, na huko chini ndiko walikolala watoto wako. Mtungi usimame wima mahali penye hewa, uani, mbali na moto wa jirani. Unaogopa wezi, na una haki. Fundi huyohuyo wa dabodeka akuchomelee kizimba cha nondo chenye kufuli, kilichofungwa ukutani. Kiwe na matundu kila upande, kisiwe sanduku lililozibwa. Mkizungumza na wapangaji wenzenu mnaweza kuchangia kizimba kimoja kikubwa, kila mtu na sehemu yake.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama makaa yanaonekana yamefifia, hata kama mvua inanyesha, hata kama umefungua dirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliolala bila kuwaamsha.

Madumu ya maji yaende koridoni kwenye kichanja cha mbao, yamefungwa vifuniko. Maji ya ndani ya nyumba yakae kwenye dumu au ndoo yenye mfuniko unaobana. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiinamia ndoo iliyo wazi kichwa kinamvuta, na hawezi kujinasua.

Mwisho katika haya: ikiwa madirisha yenu yana nondo, mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Kutoka kila kitanda mpaka mlangoni kuwe na njia ambayo mtu anaweza kuipita gizani bila kuruka kitu. Shemeji anasoma umeme, mpe kazi ya kukagua ekstensheni yoyote inayobeba vyombo vingi kwa pamoja, kama friji, televisheni na pasi.

Mama mkwe anakuja

Usimwogope, jiandae. Siku zake zikifika, wapange watu kama ilivyozoeleka kwetu: wanawake chumbani, wanaume sebuleni. Mama mkwe alale nawe na mtoto mdogo kwenye kitanda kikubwa, binti abaki kwenye chake. Mume wako atalala chini sebuleni kwenye godoro litakalotoka uvunguni, shemeji na mvulana kwenye dabodeka. Futi zile 68 ndizo zitakazomlaza mtoto wake. Angekuja leo, angelazwa wapi?

Mchana mpe kiti barazani penye upepo, karibu na wenzake wa rika lake. Kochi la wawili lipo akitaka kuegemea. Akikuuliza makochi mengine yako wapi, mjibu kwa unyenyekevu kwamba yamekwenda Chanika kabla yenu. Kisha Jumapili moja mume wako ampeleke akayaone juu ya paa.

Shangazi